Mbuyu Usiokuwapo

Jioni hii nataka kuzungumza nanyi habari ya wanafunzi wa ualimu wanaonakili kazi za wenzao, na namna sisi wakufunzi tuwezavyo kulizuia jambo hilo. Huenda mtu aliyeketi barazani kwake akasema, "Hayo ni mambo ya chuo, yanihusu nini mimi mkulima?" Ndugu yangu, yakuhusu sana, kwa kuwa mwanafunzi huyo ndiye atakayemfundisha mtoto wako.

Katika chuo nifundishacho, kila mwanafunzi hupelekwa majuma kadhaa katika shule ya msingi ili ajizoeze kazi. Kabla ya kuingia darasani hana budi kuandika andalio la somo: atafundisha nini, kwa vifaa gani, na atajuaje kama watoto wameelewa. Mwaka mmoja nilikaa usiku nikisoma maandalio ya somo la mimea. Katika tisa kati yao niliona maneno yale yale: watoto watoke nje wautazame mbuyu ulio nyuma ya shule. Nao wanafunzi wale tisa walikuwa wametawanyika katika shule nne, na katika hizo nne ni moja tu yenye mbuyu!

Nilikwenda kumtazama mmojawapo akifundisha. Akasoma daftari lake, akawaambia watoto, "Haya, twendeni tukautazame mbuyu." Watoto wakatoka mbio kwa furaha, wakazunguka nyuma ya darasa, wakasimama. Palikuwa na choo na shamba la mihogo. Mtoto mmoja akauliza, "Mwalimu, mbuyu uko wapi?" Yule kijana hakuwa na jibu. Mihogo ilikuwa mbele yake, ina majani, ina mashina, ina mizizi, na kila mtoto pale aijua tangu kuzaliwa; lakini daftari halikutaja mihogo, basi hakuiona. Kipindi kizima kikapotea.

Nilirudi chuoni nimekasirika, nikataka kuwaadhibu wote tisa. Lakini nilipofungua sanduku la karatasi zangu za zamani, niliona haya. Kazi ile ya somo la mimea nilikuwa nimeitoa miaka minne mfululizo bila kubadili hata neno. Mwanafunzi wa kwanza aliandika habari ya mbuyu kwa haki, maana shule yake ilikuwa nao. Kisha daftari lake likarithiwa kama jembe. Sisemi kwamba mwizi hana kosa, lakini mlango niliuacha wazi mimi.

Watu wengi hudhani kwamba dawa ni ulinzi tu. Ulinzi wafaa, sikatai. Nchini Kenya, katika mtihani wa mwisho wa sekondari wa mwaka 2015, watahiniwa 5,101 walifutiwa matokeo kwa ajili ya udanganyifu. Mwaka 2016 ulinzi ukakazwa, wakuu wa shule wakatwishwa dhamana ya karatasi za mtihani, na waliopata daraja A wakashuka kutoka zaidi ya 2,600 hata kufika 141. Huenda zilikuwapo sababu nyingine pia, lakini hesabu hiyo yashtusha.

Tazameni tena China ya kale. Tangu karne ya 11 majina ya watahiniwa yalifunikwa, na makarani wakanakili upya kila karatasi ili msahihishaji asitambue hata mwandiko. Hata hivyo watu waliendelea kudanganya, wengine wakaingia na nguo zilizojaa maandishi madogo madogo. Na mitihani ile ilidumu mpaka ilipofutwa mwaka 1905. Ikiwa mtihani wa siku chache walindwa kwa taabu namna hiyo, mafunzo ya miaka miwili, yenye insha na maandalio kila juma, nani atayalinda? Na siku hizi ziko programu za kompyuta zitungazo insha nzima kwa dakika moja, hata hapana haja ya kumwibia mwenzako.

Kwa hiyo nimebadili namna ya kuuliza. Sisemi tena, "Eleza faida za vifaa vya kufundishia," maana jibu lake limo katika vitabu tele. Nasema, "Nenda katika shule yako, tafuta watoto watatu walioshindwa kutoa 17 katika 42, uwaulize mmoja mmoja walivyofikiri, uniandikie maneno yao." Watoto wawili waweza kuandika 35, na kila mmoja kwa kosa lake. Wa kwanza ametoa 2 katika 7, kwa kuwa ameona ndogo hutolewa katika kubwa. Wa pili amekopa kumi vizuri, akapata 5, lakini akasahau kwamba ile 4 imekuwa 3. Anayenakili ataiona 35, wala hataziona sababu zake.

Tena nataka kuona karatasi ya kwanza, yenye kufutwafutwa. Kisha humwita mwanafunzi dakika tano nikamwuliza, "Mfano huu umeuchagua kwa nini?" Aliyefanya kazi husema mpaka nimkatize; aliyenakili hutazama dari. Wanafunzi wangu ni sitini, sina saa tano kila juma. Basi huokota majina kumi katika kikapu, wala hapana ajuaye litakalotoka.

Liko na jambo ambalo twalisahau. Wengi wetu tulilelewa katika madarasa ambayo kujifunza kulikuwa ni kunakili ubaoni, na aliyenakili bila kukosea ndiye aliyesifiwa. Kijana huyo akifika chuoni twamwita mwizi ghafula. Yafaa kumfundisha tangu juma la kwanza: ukitwaa maneno ya mtu, yatie katika alama za kunukuu, umtaje yeye na kitabu chake, ukitwaa fikira yake kwa maneno yako mwenyewe, mtaje vile vile.

Yule kijana wa mbuyu nilimrudishia daftari, akaandika upya. Kazi yake ya pili ilikuwa fupi, ina makosa ya herufi, nikampa 11 katika 20; akanung'unika sana, maana alizoea alama kubwa. Juma lililofuata nilipita shuleni kwake. Niliwakuta watoto wamechuchumaa kuzunguka muhogo uliong'olewa (natumaini mwenye shamba aliombwa ruhusa), mmoja akipima mzizi kwa rula, mwingine akihesabu majani kwa sauti. Mwalimu wao alikuwa kati yao, magoti yana udongo; na daftari lilikuwa limebaki mezani.