Tunapimwa, Hatupimi

Mgomo wa wahadhiri wa vyuo vikuu vya umma nchini Kenya uliisha Novemba 2025. Shilingi bilioni 7.9 walizodai wahadhiri mmezisikia, awamu mbili za malipo mmezisikia, na siku 49 za madarasa matupu hakuna mzazi anayehitaji kukumbushwa. Kinachotutia wasiwasi hapa kituoni ni ratiba za kufidia muda uliopotea, kwa sababu muhula ukibanwa, kitu cha kwanza kukatwa ni maabara. Mihadhara itasomwa haraka haraka jioni. Mitihani itafanywa. Lakini mwanafunzi wa mwaka wa nne wa sayansi ya michezo, aliyepangiwa majuma ya kupima mwendo wa mwili wa binadamu, tunahofia ataambiwa aandike alicho nacho, afunge faili, ahitimu.

Na hapa tunarudia tulilolisema mara nyingi katika kipindi hiki: nchi hii inapimwa, haipimi.

Mwaka 1986 jarida la Nature lilichapisha utafiti kuhusu wanawake wa Kenya wanaobeba mizigo, Waluo kichwani, Wakikuyu mgongoni kwa mukwa, ukanda unaopita kwenye paji la uso. Walitembea juu ya mashine huku pumzi yao ikipimwa, na ikaonekana kwamba mzigo wa hadi asilimia 20 ya uzito wa mwili hauwaongezei matumizi ya nguvu. Profesa Geoffrey Maloiy wa Chuo Kikuu cha Nairobi alikuwa miongoni mwa waandishi wa utafiti huo. Kwa hiyo Mkenya alikuwepo mezani, karibu miaka 40 iliyopita. Tulipaswa kuwa na vizazi vya watafiti waliotokana na kazi ile. Wako wapi?

Mwaka 2010 Daniel Lieberman wa Harvard na wenzake waliandika kwamba wakimbiaji waliozoea kukimbia miguu mitupu, wakiwemo vijana wa Kikalenjin, aghalabu hutangulia kukanyaga kwa sehemu ya mbele ya wayo. Mjadala wa viatu ukapamba moto duniani. Mwaka 2013 timu nyingine, nayo ya Marekani, ikawapima Wadaasanach wa kaskazini mwa Kenya, ambao pia hawavai viatu, ikakuta wengi wao wakikimbia kwa kasi yao ya kawaida hutangulia kukanyaga kwa kisigino. Tazama jambo hilo, msikilizaji. Hoja ilijengwa kwa miguu ya Wakenya, ikatikiswa kwa miguu ya Wakenya wengine, na mwanafunzi wetu akazisoma tafiti zote mbili kwenye simu. Tunapimwa, hatupimi. Hata mkimbiaji wetu Faith Kipyegon alipokimbia maili moja pale Paris Juni 2025 kwa dakika 4 na sekunde 6 na ushei, vazi lake na viatu vyake vilitokana na maabara za kampuni ya Marekani.

Na kazi ya maabara si uchawi. Unabandika vialama vidogo vinavyong'aa kwenye nyonga, goti na kifundo cha mguu. Ukikosea sentimita moja au mbili, pembe ya goti inayotoka kwenye kompyuta si ya goti la mtu huyo. Mtu akijua anatazamwa hatembei kama anavyotembea njiani, kwa hiyo unajifunza kungoja, kumzoeza, kumpigisha gumzo. Unamsomea fomu ya ridhaa kwa lugha anayoielewa, na akikataa katikati unamshukuru, anakwenda zake, projekti yako imepungukiwa mtu. Kisha yanakuja majuma ya kukaa na tarakimu. Kamera ilipoteza alama mkono ulipopita mbele yake. Bamba la kupimia nguvu lililofukiwa sakafuni lilikanyagwa ukingoni. Hatua hii itupwe au ibaki? Nani aamue, na kwa sababu gani? Mwanafunzi akishaumia kichwa na swali hilo, hatasoma tena utafiti wa mtu kwa macho yale yale. Alisoma kitabuni kwamba mguu wa mkimbiaji hupokea nguvu ya mara 2 hadi 3 ya uzito wa mwili. Sasa ameiona ikichoreka kwenye skrini, kwa mguu wa mwenzake wa darasani.

Wengi hawapati nafasi hiyo. Wana simu, selotepu sakafuni ya kuonyesha mita, na subira ya kuhesabu video picha kwa picha. Tunawapa heko. Lakini heko haifukii bamba sakafuni.

Wala hili si la wanariadha peke yao. Mzee aliyepata kiharusi, mtoto aliyezaliwa na mtindio wa ubongo, kijana wa bodaboda anayejifunza kutembea kwa mguu wa bandia, wote hulinganishwa na mwendo unaoitwa wa kawaida, ambao kwa sehemu kubwa umetokana na vipimo vya watu wa Ulaya na Marekani. Mama wa kwetu mwenye mtungi wa lita 20 mgongoni hayumo humo.

Sheria ya kugharamia utafiti ipo. Sheria ya Sayansi, Teknolojia na Ubunifu ya mwaka 2013 inataka asilimia 2 ya pato la taifa iende kwenye mfuko wa utafiti kila mwaka wa fedha. Hakuna mwaka hata mmoja ambao Hazina imetoa kiasi hicho. Hata mmoja!

Wakuu wa idara, msifute majuma ya maabara. Fungueni Jumamosi, fungueni Desemba. Waheshimiwa wabunge, bajeti ya nyongeza ikija mezani, ulizeni asilimia 2 iko wapi, na mkijibiwa kwa maneno matamu, ulizeni tena. Wazazi, mwulizeni mwanenu alichokipima mwaka huu, si alama alizopata tu. Nanyi wanafunzi, timu ikitua kutoka ng'ambo na masanduku yake ya kamera, msikubali kuwa wakalimani na wabeba vifaa. Ulizeni takwimu zitahifadhiwa wapi. Ulizeni majina yenu yataandikwa wapi. Ombeni kubandika vialama kwa mikono yenu, kaeni na tarakimu usiku kucha ikibidi, na mkipata jibu lisilofanana na la wakubwa, liandikeni vivyo hivyo!