Utafiti wa biashara urudi sokoni

(Mazungumzo ya wiki, kama yalivyosomwa redioni)

Ndugu msikilizaji, wiki hii nataka tuzungumze juu ya vyuo vyetu vya biashara, na hasa swali moja ambalo nimeulizwa mara nyingi na wazazi wa hapa Babati: kijana akimaliza stashahada au shahada ya biashara, anakwenda wapi? Karibu wote walioniuliza swali hilo walikuwa wamekwisha kulipa ada. Wengine walilipa kwa magunia ya mahindi, wengine kwa mbaazi, na wengine kwa ng'ombe aliyetolewa zizini. Kwa hiyo swali hili si la mzaha.

Ili tulijibu vizuri, hatuna budi kwanza kukumbuka vyuo hivi vilianzishwa kwa kazi gani. Chuo cha Ushirika Moshi kilifunguliwa mwaka 1963 ili vyama vya ushirika vipate makatibu na watunza hesabu. Chuo cha Elimu ya Biashara, CBE, kikafuata Dar es Salaam mwaka 1965. Baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967, serikali ilipochukua mabenki na makampuni makubwa, mahitaji ya mameneja yaliongezeka ghafla. Mwaka 1972 kikaja Chuo cha Usimamizi wa Fedha, IFM, na mwaka huo huo Chuo cha Uongozi wa Maendeleo kule Mzumbe. Mwaka 1979 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kikaanzisha Kitivo cha Biashara na Uongozi, ambacho tangu mwaka 2008 ni Shule Kuu ya Biashara.

Vijana wa siku zile hawakuuliza watakwenda wapi, kwani walipangiwa kazi. Mmoja alikwenda NBC, mwingine Shirika la Usagishaji, mwingine kampuni ya biashara ya mkoa, ile tuliyozoea kuiita RTC. Kwa kazi hiyo vyuo vilifanya vizuri, na hatuna haki ya kuvibeza. Wahitimu wake walifika mbali. Rais Samia Suluhu Hassan mwenyewe alimaliza stashahada ya juu ya utawala pale Mzumbe mwaka 1986.

Lakini mambo yalibadilika. Mwaka 1992 ikaundwa Tume ya Rais ya Kurekebisha Mashirika ya Umma, na mashirika yakaanza kuuzwa, kuunganishwa au kufungwa. NBC iligawanywa mwaka 1997. RTC zikabaki majina ya majengo. Ofisi zilizokuwa zikiwasubiri wahitimu zikapungua, huku vyuo vikizidi kuongezeka. Hata hapa Babati, mji uliokuwa makao makuu ya wilaya tu hadi Mkoa wa Manyara ulipoundwa mwaka 2002, leo tuna kampasi ya Chuo cha Uhasibu Arusha, chuo kilichoanzishwa mwaka 1990. Mtoto wa Magugu au wa Dareda hahitaji tena kusafiri hadi Dar es Salaam ili ajifunze uhasibu. Ni neema kubwa. Lakini swali la mzazi liko pale pale, na sasa limesogea karibu na mlango wetu.

Vyuo navyo havikukaa kimya. Vilianzisha masomo ya ujasiriamali, vikamwambia kijana asitegemee kuajiriwa, ajiajiri. Maneno hayo tumeyasikia katika kila mahafali. Je, ujasiriamali hufundishika? Na ukifundishwa, humsaidia nani? Hapa ndipo utafiti unapoingia.

Mwaka 2008 watafiti watatu wa Chuo cha Uchumi cha Norway, Lars Ivar Oppedal Berge, Kjetil Bjorvatn na Bertil Tungodden, walifanya jaribio Dar es Salaam. Waliwachukua wafanyabiashara wadogo waliokuwa wakikopa PRIDE Tanzania. Baadhi walipewa mafunzo ya biashara, baadhi fedha za kuongezea mtaji bila kudaiwa, baadhi vyote viwili, na wengine hawakupewa chochote ili kuwe na wa kulinganisha nao. Waliofundisha walikuwa walimu wa Kituo cha Ujasiriamali cha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, tena kwa vipindi vifupi vilivyofuata mikutano ya marejesho.

Matokeo yake yanastahili kusikilizwa kwa makini. Mafunzo yaliwainua wanaume kwa kiasi kikubwa. Kwa wanawake athari yake ilikuwa ndogo sana. Na zile fedha za nyongeza hazikuleta mabadiliko yoyote katika biashara za wanawake. Watafiti hawakusema kwamba wanawake hawana akili ya biashara, la hasha. Walisema kwamba mwanamke anahitaji msaada mpana zaidi ya darasa na mtaji, kwa sababu vikwazo vyake vingine haviko dukani, viko nyumbani.

Sasa fikiria, ndugu msikilizaji. Halmashauri zetu zote, pamoja na ya Mji wa Babati, zinatakiwa kutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: asilimia 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Mikopo hiyo ilisimamishwa mwaka 2023 ili utaratibu urekebishwe, kisha ikarejeshwa mwaka 2024. Utafiti uliofanyika katika nchi yetu, kwa wafanyabiashara wetu na kwa walimu wetu, unatuambia kwamba fedha peke yake yaweza isimsogeze mama wa sokoni hata hatua moja. Je, habari hiyo imemfikia nani? Ilichapishwa mwaka 2015 katika jarida la wasomi la Marekani, kwa Kiingereza.

Nilipita sokoni hapa Babati nikawauliza wauza nafaka kama wamewahi kuhojiwa na wanafunzi wa vyuo. Wengi walicheka. Wamehojiwa sana! Wamejaza madodoso juu ya mitaji yao, madeni yao na hata idadi ya watoto wao. Nikauliza tena: majibu mliletewa? Mama mmoja muuza mchele wa Magugu akanijibu, "Mwanangu, wao huja kuchukua. Kurudisha sijaona."

Neno la mama huyo ndilo kiini cha mazungumzo yangu ya leo. Vyuo vyetu vya biashara vinachukua habari sokoni, vinatoa stashahada na shahada kwa habari hiyo, kisha habari inalala maktabani. Na yule kijana aliyeiandika anazunguka na bahasha ya vyeti kutafuta ofisi, ilhali mtu anayehitaji elimu yake yuko mita mia mbili kutoka kwao, anauza mchele bila daftari.

Na mafunzo yenyewe si lazima yawe magumu. Katika Jamhuri ya Dominika, utafiti uliochapishwa mwaka 2014 ulilinganisha somo la uhasibu wa kawaida na kanuni chache rahisi, mojawapo ikiwa kutenganisha fedha ya biashara na fedha ya nyumbani, kila moja katika droo yake. Kanuni rahisi ndizo zilizoboresha uendeshaji wa biashara. Somo la uhasibu halikuonyesha tofauti ya maana. Katika mji wa Lomé, Togo, wafanyabiashara 1,500 waligawanywa katika makundi matatu. Waliofundishwa kujituma, kutafuta fursa na kutokata tamaa waliongeza faida kwa asilimia 30, kwa mujibu wa taarifa ya mwaka 2017. Waliofundishwa masomo ya kawaida ya biashara, ongezeko lao lilikuwa dogo kiasi kwamba watafiti hawakuweza kusema kwa hakika lilitokana na mafunzo.

Wahenga wetu walikwisha kusema: mali bila daftari huisha bila habari. Kumbe tunahitaji pia mtu wa kumwonyesha mama wa sokoni daftari gani linamfaa yeye. Vibindo viwili, kimoja cha duka na kimoja cha nyumbani, vyaweza kumfaa kuliko kurasa kumi za mizania.

Kuna jambo jingine linalotuhusu sisi wa Manyara moja kwa moja. Agosti 2017 India, mnunuzi mkubwa wa mbaazi zetu, iliweka ukomo wa tani 200,000 kwa mwaka kwa mbaazi zinazoingia nchini humo kutoka nje. Bei ikaporomoka, na mkulima wa Babati akabaki na magunia ndani. Siku hizi mbaazi zinauzwa kwa stakabadhi ghalani na minada, na vyama vya msingi vya ushirika vina kazi ya kupokea, kupima, kuandika na kulipa. Kazi hizo zinataka mhasibu, zinataka meneja, zinataka mtu wa kufuatilia habari za soko la India kabla mkulima hajapanda. Tusiseme basi kwamba kazi hazipo. Zipo, ila hazina kiti cha kuzunguka wala kiyoyozi, na mshahara wake bado ni mdogo.

Simlaumu kijana. Aliambiwa tangu shule ya msingi kwamba msomi ni wa ofisini. Wala hawezi kujiajiri kwa maneno ya mahafali peke yake, bila mtaji na bila mtu wa kumdhamini. Ila naomba mambo matatu yafanyike.

Kwanza, kila utafiti wa mwanafunzi uliofanyika katika mji huu urudishwe kwa waliohojiwa, kwa Kiswahili, ukurasa mmoja tu, usomwe sokoni au redioni. Mimi nipo tayari kutoa nafasi katika kipindi hiki.

Pili, mafunzo kwa vitendo yasiishie benki na halmashauri. Wanafunzi wapelekwe pia kwenye maduka ya jumla, mashine za kukamua alizeti, vikundi vya akina mama vilivyokopa na vyama vya ushirika, wakae hapo hadi vitabu vya hesabu visomeke.

Tatu, kila chuo kitangaze wahitimu wake wako wapi baada ya miaka mitatu: wangapi wameajiriwa, wangapi wamejiajiri, wangapi wameajiri wenzao, na wangapi bado wanasubiri. Mzazi anayeuza ng'ombe ana haki ya kujua anachonunua. Muuza ng'ombe mnadani huulizwa umri na afya ya mnyama. Kwa nini chuo kisiulizwe?

Vyuo vya kwanza vilijua vinamwandalia nani kazi, na kazi hiyo waliifanya. Vyuo vya leo navyo vina wa kumtumikia, tena hayuko mbali: ni yule mama wa mchele, pamoja na mkulima wa mbaazi. Wakitumikiwa hao, kijana naye atapata pa kukaa.

Kwa leo naishia hapa. Tukutane tena wiki ijayo, panapo majaliwa.