Taja Jina Kabla ya Kisu



Novemba 2007, katika Taasisi ya Mifupa Muhimbili, wagonjwa wawili wenye jina moja la kwanza walipelekwa chumba cha upasuaji. Wa goti akapasuliwa kichwa. Wa kichwa akapasuliwa goti, na baadaye akafariki. Nchi ilitikisika, madaktari wakasimamishwa kazi.

Swali moja limenikaa moyoni tangu siku zile. Kutoka wodini hadi kitanda cha upasuaji, wale ndugu zetu walipita mikononi mwa watu wangapi? Pengine kila mmoja aliamini mwenzake ameshauliza.

Miezi ile ile, hapa hapa mkoani kwetu Morogoro, hospitali ya Mtakatifu Fransisko kule Ifakara ilikuwa miongoni mwa hospitali 8 duniani, pamoja na za London, Toronto na Manila, zilizokuwa zikijaribu orodha ya usalama wa upasuaji ya Shirika la Afya Duniani yenye vipengele 19. Kabla kisu hakijagusa ngozi, kila aliyemo chumbani anataja jina lake na kazi yake kwa sauti. Kisha wanahakikisha pamoja: huyu ni nani, anapasuliwa nini, na wapi. Matokeo yalitoka Januari 2009. Kwa hospitali zote 8, vifo baada ya upasuaji vilishuka kutoka asilimia 1.5 hadi 0.8.

Naiheshimu orodha ile, lakini karatasi yoyote mtu anaweza kuijaza alama za vema tupu bila kumtazama mgonjwa usoni. Kazi kubwa ni ya yule nesi kijana anayethubutu kusema, "Daktari, tusubiri kidogo, jina sijalihakiki." Na ya bingwa anayesubiri bila kununa.

Najua wahudumu wetu wana hofu. Zamu ni ndefu, foleni haiishi, na kukiri kosa kunaweza kumponza mtu. Siidharau hofu hiyo. Ila mama aliyeteremka alfajiri kutoka Nyandira, huko milimani Uluguru, kwa bodaboda hawezi kukagua kazi ya daktari. Ameshakabidhi mwili wake.

Kuna mwaka nilimpeleka mama yangu mkubwa, mtu wa Kinole, kwenye hospitali moja. Tulishapewa dawa, tumeshapanda gari la kurudi mlimani, konda anaita abiria wa mwisho. Mara nikamwona nesi anakuja mbio, viatu vyake vyeupe vimejaa vumbi, anachungulia dirisha baada ya dirisha. Alipotufikia alikuwa anahema.

"Shikamoo mama. Hizo dawa si zako. Nimekosea mimi, nilichanganya vyeti."

Hakumtaja mwenzake wa dirisha la dawa, wala hakusema kulikuwa na watu wengi. Mama mkubwa akafungua fundo kwenye pindo la kanga, akazitoa. Hakuwa amemeza hata kidonge kimoja.