Nyumba Zilizofungwa na Bweni Lisiloezekwa
Mada ya Kamati ya Fedha kwenye mkutano mkuu wa mwaka



Tunaanza na hesabu, maana ndiyo kazi mliyotupa. Bweni la wasichana la sekondari yetu limesimama kwenye lenta kwa mwaka wa tatu sasa. Mvua inanyeshea tofali, na mabinti wetu wanaotoka mbali wanaendelea kupanga vyumba vya geto karibu na shule. Hatari za geto mnazijua. Hatuhitaji kuzitaja mbele ya wazee.

Mwaka jana tulifanya harambee ya chakula cha jioni hapa mjini. Ahadi zilitolewa 64. Hadi tunafunga vitabu, zilizolipwa ni 23. Tulipotoa gharama za ukumbi, chakula, muziki na fulana, kilichobaki hakikutosha mabati ya upande mmoja wa paa. Hakuna aliyekula fedha. Stakabadhi zote zipo. Tulichokosea ni njia yenyewe: tulilipia kwanza, tukategemea ahadi baadaye.

Kwa hiyo tulijiuliza wenzetu wanafanyaje. Tunaomba tuwapeleke kidogo Marekani, kisha tutarudi milimani.

Jijini New York kuna klabu ya vijana iitwayo Kips Bay Boys & Girls Club. Ilianza mwaka 1915, na leo inahudumia watoto wa Bronx. Mwaka 1973 wadhamini wake walibuni njia ya kutafuta fedha ambayo bado inatumika. Wanaazima jumba kubwa, mara nyingi lile ambalo mwenyewe analiuza na halina mtu ndani. Kila mbunifu wa mapambo ya ndani anakabidhiwa chumba kimoja: huyu sebule, yule jiko, mwingine ngazi. Anakipamba kwa gharama zake na za wafanyabiashara wanaomuunga mkono kwa vitambaa, rangi na samani. Kisha milango inafunguliwa na watu wanalipa kiingilio kuja kutazama. Fedha zinakwenda kwa watoto.

Hawako peke yao. Pasadena, California, akina mama wa kamati ya muziki walifungua nyumba yao ya kwanza ya namna hii mwaka 1965 ili kusaidia muziki na elimu ya muziki kwa watoto. San Francisco walianza mwaka 1977, na mapato yanasaidia wanafunzi wa sekondari moja ambao familia zao hazimudu ada.

Mhasibu akiitazama njia hii anaona jambo moja: kila mhusika anapata chake. Mwenye nyumba anapata nyumba iliyopendezeshwa na wateja wanaopita. Mbunifu anapata kuonyesha kazi yake kwa watu wenye uwezo wa kumwajiri. Mtazamaji anapata siku njema. Gharama kubwa zimebebwa na wale wanaofaidika nazo, na kiingilio kinalipwa mlangoni. Hakuna ahadi ya kufuatilia kwa simu mwaka mzima.

Sasa turudi nyumbani. Ndugu zangu, sisi tuna nyumba. Ukipanda kutoka barabara kuu unaziona: bati la rangi, vioo, vigae sebuleni, na kufuli getini. Tumezijenga kwa jasho, tukalala ndani yake wiki mbili za Krismasi, tukarudi mjini. Miezi kumi na moja na nusu anayezijua ni mlinzi na popo. Na hatua chache kutoka hapo lipo bweni lisilo na paa.

Pendekezo letu ni hili. Desemba hii, tufungue nyumba moja kwa siku nne. Vyumba vipambwe na mafundi wetu wenyewe: maseremala, washona mapazia, wafuma mikeka, wafua chuma, na akina mama wafinyanzi wa Usangi. Kila kitu kiwe na bei na jina la fundi. Kikiuzwa, fundi achukue sehemu kubwa na bweni lipate asilimia 10. Wenye maduka ya vifaa vya ujenzi waombwe rangi na mbao, nasi tutaandika thamani ya mchango wao katika kijitabu hiki mwakani.

Tukikadiria kwa woga, watu wazima 400 kwa kiingilio cha shilingi 10,000 ni milioni 4. Wanakijiji walipe shilingi 1,000, na wanafunzi waingie bure. Tiketi zitakuwa na namba, malipo yatapitia lipa namba ya chama, na hesabu itabandikwa kwenye ubao wa shule kabla ya mwaka mpya.

Wapo waliotushauri tuchezeshe bahati nasibu ya nyumba, kama hospitali ya watoto ya St. Jude kule Marekani. Hapa kwetu hiyo inahitaji leseni ya Bodi ya Michezo ya Kubahatisha, na baadhi yetu imani zetu haziruhusu. Tumeiacha.

Tulipolizungumza jambo hili kwenye vikao, tulisikia hofu mbili. Ya kwanza, kwamba ni kujionyesha. Jibu letu ni kwamba nyumba kubwa iliyofungwa tayari inajionyesha. Ikifunguliwa, angalau inasaidia. Ya pili ni wizi na husuda. Hiyo hatuidharau. Vyumba vya kulala vya wenyewe vitafungwa, na vijana wa kijiji watasimamia kila mlango kwa zamu, kama tunavyopangana kwenye msaragambo. Wazee wetu walichimba ndiva bila mfadhili, kila mtu na jembe lake. Jembe la kizazi chetu huenda ni ufunguo.

Hatuwezi kuwaomba ninyi kile ambacho sisi hatujatoa. Mmoja wetu katika kamati ametoa nyumba yake iwe ya kwanza. Mama yake mzee, ambaye ndiye mwenye funguo, amekubali kwa sharti moja: kila anayeingia avue viatu. Tumelipokea na litaandikwa kwenye tiketi.

Tunachoomba leo ni vitu vitatu: mafundi mnaowajua, majina ya watakaotoa nyumba mwakani, na zile ahadi 41 za mwaka jana. Tunataniwa sana kwamba sisi Wapare tunabana senti. Basi tuoneshe kwamba tunazibana ili zifike pale zilikokusudiwa.