Baridi ya Wiki Ijayo: Jiko Lilale Nje, Viazi Vikaguliwe Asubuhi

(Maelezo kuhusu hali ya hewa yaliyosomwa katika baraza la wananchi, Ol Kalou, Kaunti ya Nyandarua)



Aliyeamka leo na kukuta mawingu yamelala juu ya mabati hahitaji kuambiwa kwamba Julai imefika. Wiki ijayo haitarajiwi kuwa tofauti. Siku nyingi zitaanza na mawingu mazito ya chini, ukungu na manyunyu, hasa Kinangop na Kipipiri, maeneo yaliyo karibu na milima ya Aberdare. Kuna siku jua litachungulia mchana kwa saa chache. Kuna siku nyingine halitaonekana kabisa, na siku kama hizo huenda joto la mchana lisifikie nyuzi 18 za sentigredi. Usiku, vipimo vinatarajiwa kushuka chini ya nyuzi 10 karibu kote katika kaunti, na sehemu za juu za Kinangop huenda zikashuka zaidi. Ndaragwa, ambako ni kukavu, watapata jua kuliko wenzao. Lakini wasifurahie mapema, sababu itaelezwa.

Husemwa kwamba baridi hii hushuka kutoka mlimani. Hiyo ni nusu ya ukweli. Mwezi huu jua liko kaskazini mwa Ikweta, na nchi za kusini mwa dunia ziko katika majira yao ya baridi. Upepo husukumwa kutoka kusini mwa Bahari ya Hindi kuja kwetu, nao ndio watu wa Pwani huuita kusi. Unapofika bara ukiwa na unyevu, hulazimika kupanda milima. Hewa inayopanda hupoa, na unyevu wake hugeuka mawingu yanayoziba jua kutwa. Ndiyo maana Nyeri, Murang'a, Kiambu na hata Nairobi hutetemeka pamoja na Nyandarua. Nyandarua huzidiwa na urefu wake tu: Ol Kalou iko zaidi ya mita 2,300 juu ya usawa wa bahari, na joto hupungua kwa wastani wa nyuzi 6 hivi kwa kila mita 1,000 za kupanda.

La kwanza kwa uzito ni jiko la makaa. Kila msimu wa baridi, nchini Kenya huripotiwa watu waliolala na jiko ndani na wasiamke. Nyumba haikuungua. Kitanda hakikushika moto. Majirani huvunja mlango asubuhi na kukuta kila kitu mahali pake.

Nyumba nyingi za mbao na mabati huzibwa nyufa kwa magunia, nailoni na magazeti ili upepo usipenye. Kwa upepo, hilo ni jambo la busara. Lakini nyumba iliyozibwa hivyo huzuia pia hewa mbaya kutoka. Makaa yakishika vizuri, yakawa mekundu bila moshi, wengi hudhani sasa ni salama kuyaingiza ndani. Kumbe moshi ndio uliokuwa ukimwonya mwenye nyumba. Ukiisha, gesi ya kaboni monoksidi huendelea kutoka, nayo haina rangi, haina harufu, wala haiwashi macho. Damu huishika gesi hiyo kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko inavyoishika oksijeni, kwa hivyo hata kidogo chake ni kingi. Aliye macho ataumwa na kichwa, atahisi kizunguzungu na kichefuchefu, miguu itaishiwa nguvu. Aliyelala hana nafasi ya kuhisi hayo.

Kufunika makaa kwa jivu hakuizuii gesi. Kuacha dirisha wazi kidogo hakutoshi. Familia iote moto jioni mlango ukiwa wazi, kisha jiko litolewe nje kabla ya mtu wa kwanza kulala. Wapo wanaoliingiza ndani si kwa sababu ya baridi bali kwa kuhofia litaibwa, na hofu hiyo si ya bure. Basi makaa yamwagwe nje, yatiwe maji mpaka yazime kabisa, ndipo jiko tupu lirudi ndani. Anayefuga vifaranga kwa joto la makaa asilale katika chumba hicho ili kuwalinda. Na mtu akikutwa hajitambui, milango ifunguliwe, atolewe nje mara moja na apelekwe hospitali, hata kama atazinduka njiani.

Kwa watoto wachanga na wazee, baridi hii huja na kichomi. Mtoto anayepumua mbiombio, au ambaye kifua kinabonyea ndani anapovuta pumzi, asingojeshwe hadi kesho kwa dawa ya dukani. Apelekwe kituo cha afya siku hiyo hiyo.

Sasa mashamba. Mkulima wa viazi anaposikia redioni kwamba usiku utafika nyuzi 4, hushusha pumzi, kwa kuwa maji huganda kwenye sufuri. Hapo ndipo wengi hukosea. Kipimajoto cha watabiri huwekwa ndani ya kisanduku cheupe, kati ya mita moja na mbili kutoka ardhini. Usiku wa mbingu wazi na upepo uliotulia, ardhi hupoteza joto lake haraka, na majani yaliyo karibu na udongo huwa baridi kuliko kisanduku hicho kwa nyuzi kadhaa. Kipimo kinaweza kusoma 4 huku majani ya viazi yakiwa meupe kwa sakitu, ile ambayo wazee wa Kinangop huiita mbaa.

Kwa hiyo usiku wa kuogopwa wiki ijayo si ule wa mawingu na manyunyu. Mawingu, pamoja na kero yake yote, ni blanketi. Usiku wa kuogopwa ni ule ambao mbingu itafunguka ghafla na nyota kuonekana zote. Ndiyo sababu Ndaragwa hawana budi kuwa macho. Ndiyo sababu pia sakitu iliyounguza majani chai ya Kericho na Nandi ilipiga Januari 2012, wakati wa kiangazi, wala si Julai. Hewa baridi ni nzito na hutiririka kama maji, hivyo sehemu ya bondeni ndiyo huanza kuungua. Miche ya huko ifunikwe kwa nyasi au magunia jioni, na ifunuliwe jua likitoka. Viazi vikipigwa, mkulima asikimbilie kung'oa. Angoje siku chache aangalie mashina, kwani vingi huchipuka tena.

Hata hivyo, kwa wiki hii hasara kubwa zaidi huenda isitoke kwa sakitu. Ubaridi wa wastani na majani yasiyokauka kutwa ndiyo hali inayopendwa na bakajani, ugonjwa ambao wakulima huuita blaiti. Unaweza kumaliza shamba kwa siku chache. Majani yakaguliwe kila asubuhi, hasa upande wa chini, ambako utando mweupe huonekana kuzunguka madoa meusi. Dawa ya kinga inyunyizwe kabla ya madoa kuonekana, majani yakiwa makavu. Inayonyunyizwa manyunyu yakianguka ni pesa zilizomwagwa. Mwenye shaka aonane na afisa wa kilimo wa wadi yake kabla ya kununua.

Waliofikia kuvuna wakate majani wiki mbili kabla ya kuchimba ili ganda likomae, na wachague mchana mkavu hata ukiwa mmoja tu katika wiki. Kiazi kilichotiwa kwenye gunia kikiwa na tope huoza kabla ya kufika sokoni, na mnunuzi hujua hilo anapotaja bei yake.

Madereva wanaotoka Njabini kuelekea Magumu na barabara kuu ya Nairobi kabla ya saa mbili asubuhi watarajie ukungu mzito. Wawashe taa za chini, kwa maana zile kali hurudishwa machoni na ukungu wenyewe. Wanaobeba maziwa waondoke mapema kidogo badala ya kufidia muda kwa mwendo.

Utabiri hubadilika, na ule wa siku saba hutolewa upya kila wiki na Idara ya Hali ya Hewa ya Kenya. Machifu wanaombwa kuusoma barazani na wachungaji kuutangaza Jumapili, pamoja na habari ya jiko.