Mbio za sakafuni huishia ukingoni

Ndugu msikilizaji, ukishuka kutoka milima ya Umatengo, Mbinga, kwenda Mbamba Bay au Liuli, kwenye ufuko wa Ziwa Nyasa, hukosi kusikia habari za mganda. Hiyo ni ngoma ya wanaume iliyotokana na gwaride la askari wa zama za Vita Kuu ya Kwanza: mistari iliyonyooka, hatua za pamoja, ngoma kubwa, na vibuyu vinavyopulizwa vikalia kama tarumbeta. Kijiji hushindana na kijiji. Na kila kikundi kinachojiandaa kina swali moja: ile hatua ngumu, inayowainua watu vitini, tuiweke wapi?

Swali hilo si la Nyasa peke yake. Katika nchi za baridi kuna mchezo wa kuteleza kwa madaha juu ya barafu. Mchezaji huvaa viatu vyenye bapa la chuma, huruka, huzunguka hewani mara tatu au hata nne, kisha hutua kwa mguu mmoja. Kila mruko una alama zake. Kwa hiyo kocha na mchezaji huketi miezi mingi kabla ya mashindano wakapanga: mruko upi utangulie, upi ufuate, upi usubiri msimu ujao.

Kanuni za awali ziliongeza asilimia 10 ya thamani kwa mruko uliofanywa katika nusu ya pili ya onyesho, kwa kuwa hapo miguu imekwisha kuchoka. Mwaka 2018, katika Olimpiki ya PyeongChang, Korea Kusini, binti wa Kirusi wa miaka 15, Alina Zagitova, aliweka miruko yake yote ya onyesho refu katika nusu hiyo. Akatwaa dhahabu. Mwaka huo huo kanuni ikabadilishwa: katika onyesho refu, nyongeza ikabaki kwa miruko mitatu ya mwisho tu. Desemba 2019, akiwa na miaka 17, Zagitova akatangaza kusimama kushindana. Na mwaka 2022 shirikisho la kimataifa la mchezo huo likaamua kupandisha umri wa kuingia mashindano ya wakubwa kutoka miaka 15 hadi 17.

Msikilizaji, mpango ule haukuwa na kasoro. Waliousuka walizisoma kanuni vizuri kuliko wenzao. Lakini kanuni hubadilika, na mwili wa mtoto hubadilika zaidi. Mifupa hurefuka, uzito huongezeka, na mruko uliokuwa mwepesi mwaka jana huwa mzito mwaka huu. Anayepanga ushindi wa leo tu huenda akaupata, lakini kesho akakosa mchezaji.

Na sisi je? Tunao walimu wa ngoma mashuleni, wa halaiki, wa sarakasi mitaani. Mtoto akionekana ana kipaji, hubebeshwa kila kitu kwa siku moja, kwa sababu mgeni rasmi yupo. Tunasema samaki mkunje angali mbichi. Ni kweli. Lakini mvuvi wa Liuli atakuambia kuwa hata samaki mbichi, ukimkunja kwa pupa, huvunjika uti.

Mwalimu mwenye busara hupanga namna nyingine. Kwanza, hupeleka uwanjani kile ambacho kijana anakiweza hata akiwa amechoka. Pili, kwa kila hatua ngumu huandaa nyingine nyepesi ya kushika nafasi yake, pumzi ikikata. Tatu, hubakiza kitu cha mwakani, kikafanyiwa mazoezi polepole bila kuonyeshwa hadharani. Akiba haiozi.

Makofi ya jukwaani humalizika jioni ile ile. Magoti ya mtoto anatakiwa ayatumie miaka 60 ijayo. Basi wewe mwalimu, nawe mzazi unayeshangilia, hesabuni pumzi kabla ya kuhesabu makofi.