Kiini cha Linux: tujijengee wenyewe


Linux ilianzishwa na Linus Torvalds mwaka 1991. Leseni yake, GPL, inaturuhusu kusoma kodi na kuibadilisha bila kuomba mtu. Haki hiyo tuitumie, ordinateri zetu za zamani zipate kiini kinachozifaa.

Kwanza, muchomeke vifaa vyote munavyotumia. Halafu muandike make localmodconfig: inabakiza tu moduli zinazofanya kazi saa hiyo, kwa hiyo kujenga kunakuwa kufupi. Kisha make. Umeme ukikatika, musikate tamaa: muandike make tena, itaendelea na vilivyobaki. Mwisho, make modules_install na make install.

Cha zamani musikifute! Kipya kikikataa kuwaka, mutarudia cha zamani kwenye GRUB.

Twende kazi.